Mechi 212 kwa wiki, na alama ziko palepale

Jumamosi moja mwanafunzi wangu wa sataranji, au chesi, wa miaka 13 aliingia darasani akitabasamu. "Shikamoo mwalimu. Wiki hii nimecheza mechi 212." Akaniwekea mezani simu ya dada yake nijionee mwenyewe. Kweli zilikuwa 212, karibu zote za dakika tatu tatu. Alama zake za kiwango cha uchezaji zilikuwa 1,140. Miezi minne nyuma, siku tulipoanza naye, alikuwa na 1,125.

Nikamwambia afungue mechi moja aliyofungwa. "Hapa ulifungwa kwa nini?" Akaitazama kama mechi ya mtu mwingine. "Muda uliniishia." Tukafungua ya pili: "Muda." Ya tatu alipoteza kete yake ya ngome kwa farasi aliyeingia mraba wa c2 (herufi ni safu, namba ni mstari) akamtisha mfalme na ngome kwa mpigo mmoja. Ya tano ikawa hivyohivyo, farasi c2, ngome ikaenda. Ya nane tena. Hakuwa ameona kwamba ni kosa lilelile linalomrudia, kwa sababu hakuna mechi hata moja aliyowahi kuirudia. Akifungwa tu, kidole kinakwenda kwenye kitufe cha mechi mpya.

Huyu mtoto si mvivu, tena bidii yake inanigusa. Tuliomkosea ni sisi watu wazima, tuliomwacha aamini kwamba kucheza sataranji na kufanya mazoezi ya sataranji ni kitu kimoja. Kwenye mpira hakuna anayeamini hivyo. Timu inayoingia uwanjani Jumapili imeshinda wiki nzima ikirudia kona, ikirudia pasi, na kocha amesimamisha mazoezi mara ishirini kumwonyesha beki mahali alipopaswa kusimama. Kwenye chesi tunampa mtoto ubao au programu kwenye simu, tunamwambia "cheza, utajua mbele ya safari." Mbele ya safari anafika amechoka, akidhani hana kichwa cha mchezo huu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 Neil Charness na wenzake walichapisha utafiti juu ya wachezaji wa mashindano wa viwango mbalimbali, wakilinganisha saa walizotumia kwenye shughuli tofauti za mchezo. Kilichoeleza vizuri zaidi kiwango cha mtu kilikuwa ni saa za kujisomea peke yake kwa makini: mechi za wachezaji wakubwa, mafumbo, hatua za mwisho za mchezo, mechi zake mwenyewe. Waliofikia ngazi ya grandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, walikuwa wametumia takriban saa 5,000 za namna hiyo katika miaka 10 ya kwanza ya kucheza kwa dhati, karibu mara tano ya wachezaji wa kiwango cha kati. Ukizigawa saa hizo ni kama saa moja na dakika ishirini kila siku, kwa miaka kumi. Hakuna muujiza humo, lakini pia hakuna wiki ya kuacha kisha kulipiza Jumapili kwa saa tisa.

Sitamdanganya mzazi, hata hivyo. Utafiti mwingine, wa Fernand Gobet na Guillermo Campitelli uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wachezaji wa Argentina, ulikuta mmoja aliyefikia ngazi ya masta, iliyo chini ya grandmasta, kwa saa zipatazo 3,000 na mwingine aliyehitaji 23,000. Watu hatulingani. Wapo wanaoanza wakiwa wadogo, wapo wanaoshika upesi, na wapo waliobarikiwa kuwa na mtu nyumbani wa kuwaelekeza. Ninachoweza kumwahidi mzazi ni kwamba mwanawe atakuwa mchezaji bora kuliko alivyo leo. Simwahidi bingwa. Wala simwahidi alama za hesabu: huko Uingereza jaribio kubwa la kufundisha chesi katika shule za msingi lilitolewa ripoti mwaka 2016, na halikuona watoto wakipanda kwenye hesabu mwaka mmoja baadaye. Mimi hufundisha sataranji kwa kuwa sataranji yenyewe inastahili.

Tuseme basi mazoezi yanafanya nini kichwani. Watafiti William Chase na Herbert Simon, wakifuata njia iliyofunguliwa na Mholanzi Adriaan de Groot, waliwaonyesha wachezaji ubao wenye kete zipatazo 25 kwa sekunde tano tu, kisha wakaufunika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973. Masta aliweza kurudisha mahali pake kete kama 16, anayeanza kama 4. Kisha kete zikatawanywa ovyo, pasipo mpangilio wa mechi yoyote ya kweli, na masta akawa karibu sawa na yule anayeanza. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ya masta si kubwa kuliko yangu au yako. Yeye haoni kete 25. Anaona mafungu matano sita anayoyafahamu, kama wewe unavyosoma neno "mwalimu" bila kuhesabu herufi. Mafungu hayo yanaingia kichwani kwa kuonwa, kufikiriwa, kukosewa na kuonwa tena. Mechi ya dakika tatu haina nafasi ya kufikiri, kwa hiyo kinachozidi kuzama ni kile ambacho tayari unacho, pamoja na makosa yake. Farasi wa c2 alikuwa amezama kwa mwanafunzi wangu barabara, ila upande wa kuliwa.

Nikifika hapa huwa nafikiria bao. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32 na kete 64, na mtu anaweza kulicheza miaka arobaini bado anajifunza. Hakuna shule yake, na sijawahi kuona mtu analipa ada. Lakini mafundi wa bao wapo, na wanaheshimiwa mitaa mitatu. Walijifunzia wapi? Barazani. Ukikaa kucheza bao, hukai peke yako. Nyuma yako wamesimama wazee wanne, na mkono wako ukitoka kwenye shimo lisilofaa, mmoja atasonya. Mchezo ukiisha hauishi: kete zinarudishwa, "hapa ungetakata," "hapana, hapa ungekula nyumba yake mapema," wanabishana mpaka adhana. Kijana aliyefungwa anakaa akisikiliza makosa yake yakijadiliwa na watu wanaojua kuliko yeye. Huo ni ukocha, tena wa hali ya juu, japo hakuna anayeuita hivyo.

Sataranji ni ndugu mkubwa katika familia hiyo ya michezo ya kufikiri, na jina lenyewe limetufikia kwa Waarabu, walioupokea mchezo kutoka kwa Waajemi, nao kutoka kwa Wahindi waliouita chaturanga. Baghdad ya karne ya 10 ilikuwa na as-Suli, mchezaji aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake, na mwanafunzi wake al-Lajlaj ndiye aliyeandika juu ya namna ya kufungua mchezo kwa kufuata mafunzo ya mwalimu wake. Miaka elfu moja, na mchezo umekuwa ukipita kutoka mtu hadi mtu, wawili wakiinama juu ya ubao mmoja. Simu imetupa wapinzani wa dunia nzima usiku wa manane kwa bando la shilingi mia chache, na hilo ni jema. Ila imetunyang'anya wale wazee wanne waliosimama nyuma.

Kocha ni wa kuwarudisha wazee hao. Wengi hudhani kocha ni mtu anayejua hatua nzuri na kuzigawa. Nimekaa chini ya kocha wa namna hiyo nikiwa kijana. Kila nilipokosea alisogeza kete yeye mwenyewe, haraka haraka, hatua saba nane, kisha akasema "umeona?" Nilijibu nimeona. Sikuwa nimeona chochote, nilikuwa nimetazama mikono yake. Baada ya miaka miwili nilitoka kwake nikijua mwanzo wa mchezo hatua kumi na mbili kwa kichwa, na hatua ya 13 sikujua kete zangu zilikuwa pale kwa kazi gani.

Mikhail Botvinnik, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948, alifanya tofauti. Kwenye shule yake ya sataranji walipita Karpov, Kasparov na baadaye Kramnik, mabingwa wa dunia watatu. Alichowashikia kidedea ni kuchambua mechi zao wenyewe, kwa maandishi, na kuyatoa maandishi hayo hadharani ili wengine wayapekue. Mtu akijidanganya kichwani hakuna wa kumkamata. Akijidanganya kwenye karatasi, kuna msomaji atakayemwuliza: hapa unasema ulikuwa unashinda, mbona askari huyu ananing'inia bila ulinzi?

Na kocha si lazima awe bingwa. László Polgár wa Hungary hakuwa mchezaji wa kutisha, lakini aliamua kuwalea mabinti zake watatu kwenye mchezo huu tangu wakiwa wadogo, akajaza nyumba mechi zilizopangwa kwa mada, akatafuta walimu pale ujuzi wake ulipoishia. Mdogo wao, Judit, alipata u-grandmasta mwaka 1991 akiwa na miaka 15 na miezi minne, akavunja rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer ya kuwa grandmasta mdogo kuliko wote, na mwaka 2005 alikuwa wa nane duniani, wanaume na wanawake pamoja.

Karibu na kwetu kuna Katwe, Kampala. Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa mtaa ule wa mabanda katikati ya miaka ya 2000, kwa ubao na uji. Phiona Mutesi aliingia hapo akiwa ameacha shule, akafundishwa sheria za mwanzo na mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia, na baada ya Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa cha mtahiniwa wa umasta kwa wanawake. Hadithi yake imesimuliwa sana, na kila inaposimuliwa watu hushika umaskini na kipaji. Mimi nashika kitu kingine: kulikuwa na mahali, kulikuwa na siku, na kulikuwa na mtu mzima aliyefika siku hizo bila kukosa, mwaka baada ya mwaka, kabla hajatokea mwandishi yeyote. Hicho ndicho mitaa yetu mingi haina. Vipaji tunavyo.

Niruhusu nikupeleke mezani, maana ukocha hauelezeki vizuri kwa mbali.

Mwanafunzi wangu wa kike, miaka 15, alirudi kutoka mashindano ya vijana na sare iliyomliza. Tulitandika ule ubao wetu wa plastiki wenye kona iliyojikunja, ambao askari mmoja mweupe alipotea zamani na mahali pake tunaweka kizibo cha soda. Akapanga: mfalme wake mweupe d4, askari wake, yaani kile kizibo, e2. Mfalme mweusi d6. Hakuna kete nyingine. Zamu yake. Alikuwa amesogeza askari miraba miwili hadi e4, na baada ya hatua nane nyingine mfalme mweusi akakwama e8 hana pa kwenda wala hajatishwa. Sare.

"Kwa nini e4?" nikamwuliza.

"Askari anatakiwa akimbie awe malkia."

"Sawa. Mfalme mweusi alikwenda wapi?"

"E6."

"Na wewe hapo ungependa mfalme wako awe wapi?"

Akaweka kidole e4, apate kumkabili yule mweusi uso kwa uso, mraba mmoja katikati, zamu ikiwa ya mweusi kurudi nyuma. Kidole kikagonga kizibo. Akanyamaza. Nami nikanyamaza, na hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa kocha, kwa sababu ulimi unawasha. Ikapita kama dakika mbili. Akarudisha kizibo e2. Akakisogeza mraba mmoja tu, e3, akaondoa mkono polepole. Mweusi e6, mweupe e4. Mweusi hana budi kumpisha njia.

"Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe," akasema.

Nikachukua weusi, tukarudia mara kumi, kila mara nikikimbilia upande tofauti, d7, f6, kurudi e7. Mara ya nne alikosea tena, tukaanza upya. Mara ya kumi alikuwa anacheza huku ananisimulia mambo ya shuleni. Hapo nikajua limeingia. Ningemwonyesha e3 tangu mwanzo tungemaliza kwa sekunde kumi, na mwezi uliofuata angeisahau.

Kuna watakaosema siku hizi injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza sataranji, inatosha. Stockfish ni ya bure, inawafunga mabingwa wa dunia, na ipo kwenye simu ya kila mtu. Naitumia kila siku. Lakini injini ni kama majibu nyuma ya kitabu cha hesabu. Itakwambia e4 ni sare na e3 ni ushindi. Haitakuuliza ulikuwa unawaza nini, na ugonjwa uko kwenye kuwaza. Makosa mawili yanayofanana ubaoni yanaweza kuwa na chanzo tofauti kabisa: huyu hakuiona hatua ya mpinzani, yule aliiona akaidharau, wa tatu aliiona, akaogopa, akacheza haraka ili hofu iishe. Dawa zao ni tatu. Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba mwanafunzi achambue kwanza kwa kichwa chake na kalamu, aandike alichowaza, ndipo afungue injini.

Lawama yangu kubwa ni kwa namna tunavyopanga fedha na muda. Mashindano yakikaribia, klabu nyingi zinaamka, watoto wanakusanywa wiki tatu, sare zinashonwa, nauli inachangishwa. Mashindano yakiisha, mbao zinaingia kabatini mpaka mwakani. Nauli na sare za msimu mmoja zingemlipa kocha wa Jumamosi kwa miezi mingi. Najua mtoto anahitaji mashindano, na safari humpa moyo. Ila anayefika huko na wiki tatu za mazoezi anakwenda kukutana na mtoto mwenye miaka mitatu ya Jumamosi, na tunarudi tukisema wenzetu wana vipaji.

Kwa mtu mzima mwenye kazi na familia, jibu langu huwa fupi. Nusu saa kila siku, alfajiri au baada ya watoto kulala. Robo saa ya mafumbo, lakini uyatatue kwa macho mpaka mwisho kabla ya kugusa kete. Dakika zilizobaki ni za hatua za mwisho, au mechi yako ya juzi. Wiki nzima mechi moja ndefu, ya saa nzima kila upande ikiwezekana, iliyoandikwa kwenye daftari hatua kwa hatua. Mwezi mara mbili, mtu anayekuzidi akae nawe juu ya daftari hilo. Akikosekana wa kulipwa, tafuta mwenzako mnayelingana na mpokezane kuuliza maswali. Anayelingana nawe haoni usichokiona, ila atakuuliza ulichokikwepa. Mambo ya kukariri ufunguzi yasubiri. Capablanca, Mkuba aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1921 hadi 1927, alishauri watu waanzie kwenye hatua za mwisho, ambako kete ni chache na kila moja inaonekana inafanya nini. Miaka mia imepita, na bado sijakutana na mwanafunzi aliyedhurika kwa ushauri huo.

Yule wa mechi 212 tulikubaliana apunguze hadi sita kwa wiki, za dakika kumi na tano, na daftari. Wiki mbili za kwanza alininunia. Ya tatu alisahau daftari, au alisema amesahau. Jumamosi iliyopita alikuja nalo. Mechi ya nne, hatua ya tisa, ameandika pembeni kwa penseli, herufi kubwa: HAPA NILIMWONA FARASI. Alikuwa amesogeza askofu akaulinda mraba wa c2, na farasi hakuingia.

Mechi yenyewe alifungwa, hatua ya 31, kwa jambo jingine kabisa kwenye safu ya h. Tukapanga kete hatua ya 28, nikamwuliza alikuwa anawaza nini.